Wino Uliotiwa Maji

Hospitali ya kifua, nje ya Tokyo
26 Mei 1960

Dada Tazuko,

Tangu juzi redio ya wodini inataja pwani yetu, na kila ikitaja wenzangu wananigeukia mimi kana kwamba nimelileta wimbi lenyewe. Wanasema limetoka ng'ambo ya pili ya bahari, siku nzima limesafiri, na huko kwetu ardhi haikutikisika hata kidogo. Hapo ndipo napata hofu. Baba alitufundisha tangu hatujaota meno: ardhi ikitikisika, kimbilia mlimani, usigeuke nyuma. Isipotikisika, je? Hilo hakutufundisha.

Jana niliteremka kitandani nikafika mpaka kwenye simu ya ofisi. Nesi akanikamata akanirudisha kama mbuzi aliyekutwa kwenye mboga za watu. Homa ikapanda, daktari akafoka. Upasuaji wangu ni Septemba, na amesema nikiendelea na ukaidi huu hataweka kisu chake kwenye kifua changu, atanirudisha kwetu nikafie mbele ya mama yangu. Ni mzaha wake, usimchukie.

Dada, wewe uko Sendai, una miguu, una mapafu mawili. Mwombe tajiri yako wa duka la kimono ruhusa ya siku tano uende nyumbani Komorihama. Ukifika, niandikie siku hiyohiyo. Nakuomba usinirembee maneno.

Isao


Komorihama
4 Juni 1960

Isao,

Mama mzima. Baba mzima. Nimeanza na hayo ili upumue.

Nyumba haipo. Sisemi imebomoka, nasema haipo. Pamebaki mawe manne ya msingi na lile jiwe la kusagia soya. Tunalala darasani, shule ya msingi, darasa la pili, familia sita. Mama kapewa nafasi chini ya ubao, na kila asubuhi anaufuta ingawa hakuna aliyeuandika.

Sasa sikia alichofanya baba yako. Unajua huamka saa tisa usiku kusaga soya ya tofu. Siku hiyo alitoka kumwaga maji ya soya akaona bandari imekauka, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na kijiji kizima kinakoroma. Akachukua tarumbeta yake ya kuuzia tofu, akakimbia mtaa kwa mtaa akipuliza. Basi watu wakatoka na mabakuli! Mke wa Hatakeyama akasimama mlangoni na bakuli lake, akamtolea uvivu: "We Kumazo, umerukwa na akili? Tofu saa kumi alfajiri?" Baba akamjibu, "Leo siuzi, mama, kimbia!" Mtaa mzima wa bondeni umepona kwa ajili ya tarumbeta ile. Mke wa Hatakeyama alifika hekaluni juu bado ana bakuli mkononi, na mpaka leo hataki kuliachia.

Baba aliteleza kwenye ngazi za hekalu, mkono wa kulia umeumia, umefungwa. Kwa hiyo hawezi kuandika. Usimngojee.

Nilikuja kwa siku tano, naona nitakaa zaidi. Mama anakuuliza kama unakula. Kula.

Dada yako,
Tazuko


Hospitali
9 Juni 1960

Dada,

Nusura uniue. Nesi alinipa barua yako, nikatazama bahasha, nikaona jina langu limeandikwa kwa wino uliotiwa maji. Wino wa msiba! Ule wa kijivu, kama mwandishi amedondoshea machozi. Nilikaa nayo mkononi tangu chai mpaka chakula cha mchana, siwezi kuifungua. Mzee Nagakubo wa kitanda cha pili naye aliiona, akageukia ukutani kwa adabu, nikajua na yeye ameshanipa pole kimoyomoyo.

Mwishowe nikafungua. "Mama mzima, baba mzima." Nililia mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nesi akaja. Dada, una wazimu? Mtu anaandikaje bahasha kwa wino ule halafu ndani anasimulia habari za mabakuli?

Mwambie Baba wodi nzima imecheka. Mzee Nagakubo anataka kununua tofu yake akitoka hapa, na amesema ataifuata saa kumi alfajiri. Mwambie pia asiutumie mkono kabla haujaunga. Namjua, hawezi kukaa bure.

Nina furaha. Sikujua kama mtu anaweza kupoteza nyumba akawa na furaha namna hii.

Isao


Komorihama
17 Juni 1960

Isao,

Nisamehe kwa bahasha. Kijiti cha wino nilikiokota kwenye tope, kimelowa maji ya chumvi, nikisugua kinatoa maji ya kijivu. Sikuwa na bahasha nyingine. Nimepata penseli sasa, nitakuandikia kwa penseli, uache kujitia presha.

Mvua za Juni zimeanza na tope linanuka. Wameanza kutujengea nyumba za mbao za muda kwenye uwanja wa shule, chumba kimoja na jiko. Sisi ni mlango wa nane. Bibi Shige, yule kiziwi, yuko mlango wa tisa. Kila asubuhi anakuja kukaa na Mama. Hawaongei, wanamenya figili.

Baba hajambo. Nimempa salamu za mzee wako wa kitanda cha pili.

Tazuko


Hospitali
20 Julai 1960

Kwa Baba,

Dada ananiandikia barua fupi kama tangazo la serikali, nimechoka kumsubiri yeye. Nakuandikia wewe mwenyewe.

Naogopa, Baba. Kwa Dada sitamwambia maana atanifokea. Septemba watanifungua upande wa kushoto, watatoa mbavu kadhaa, kisha watakata sehemu ya pafu iliyooza. Mwezi uliopita walimpeleka kijana wa Niigata asubuhi, jioni wakaja kukunja godoro lake. Tangu hapo nikisikia godoro linakunjwa najifunika blanketi mpaka kichwani.

Najua mkono wa kulia haufai. Lakini si una wa kushoto? Niandikie herufi moja. Andika ile herufi ya "nguvu", mistari miwili tu, hata ikitoka kama mguu wa kuku. Nitaingia nayo chumba cha upasuaji. Wakiniuliza ni nini nitasema ni risiti ya tofu.

Mwanao,
Isao


Komorihama
2 Agosti 1960

Isao,

Herufi yako hii hapa, ndani ya karatasi iliyokunjwa. Imechukua jioni nzima na karatasi saba. Usiicheke. Aliyeiandika alitokwa jasho.

Hutaki barua fupi, basi sikiliza. Joto kali, nzi wengi, Mama amekonda lakini ameanza kufoka tena, kwa hiyo anapona. Juzi amemgombeza mtawa wa hekalu kwamba anasoma sala haraka kama anakimbilia treni. Duka limeniandikia nirudi Sendai au watatafuta mshonaji mwingine. Nimewaambia watafute.

Usiogope, mdogo wangu. Unanisikia? Yule wa Niigata ni yeye, wewe ni wewe.

Tazuko


Hospitali
14 Agosti 1960

Kwa Baba,

Imefika. Kweli ni mguu wa kuku! Mstari wa pili umepinda kama ulisukumwa na mtu. Nimeitazama mpaka imekaa machoni. Asante, Baba.

Leo ni Obon, wafu wanarudi majumbani, na wodini hapa wametuwekea tango moja lenye miguu ya vijiti liwe farasi wao. Nikawaza: Babu atarudije mwaka huu? Nyumba haipo. Maskini mzee atazunguka kijiji kizima akitafuta mlango, na ulivyosema alikuwa mkali, atafikia kwa watu wengine aanze kuwalaumu kwa supu. Toka na tarumbeta yako, Baba, simama kwenye mawe ya msingi, umpulizie aisikie. Mwambie: mlango wa nane, mzee, uwanja wa shule.

Homa imenirudia kidogo. Wamesogeza upasuaji mpaka Novemba. Usiwaambie wanawake, watapiga kelele.

Isao


Komorihama
27 Agosti 1960

Isao,

Barua yako ya Obon imefika. Ameipata.

Sina zaidi. Nimechoka tu, usijali. Homa yako nimeshaiona, barua zote nafungua mimi. Kula mayai.

Tazuko


Hospitali
29 Novemba 1960

Baba, Mama, Dada,

Ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Tarehe nane walinipasua. Nilikaa saa sita juu ya meza ya upasuaji. Mbavu tano za kushoto zimekwenda, sasa nimeinama upande kama mwavuli uliovunjika, lakini nipo. Daktari aliyekuwa anatishia kunirudisha nikafe amekuja kunitazama, akasema, "Wewe kaidi umepona," akageuka haraka. Nadhani alikuwa analia, mwanaume yule.

Karatasi ya Baba ilikuwa ndani ya soksi yangu. Nesi aliiona akajifanya haoni.

Wanasema nikiendelea hivi nitatoka Machi. Baba, mkono si umeshapona sasa? Miezi sita! Nataka barua yako, ndefu, yenye malalamiko. Nitakuja nisage soya na wewe, wewe ushike upande wa kulia wa jiwe, mimi nishike upande huohuo maana wa kushoto sina kitu.

Isao


Komorihama
11 Desemba 1960

Isao, mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kama umekaa, lala.

Baba amekufa. Alikufa siku ileile ya wimbi, tarehe ishirini na nne Mei.

Mengine yote niliyokuandikia ni kweli, bandari, tarumbeta, mabakuli. Alifika ngazi za hekalu pamoja na watu. Hapo ndipo nilipoanza kukudanganya. Hakuteleza. Aliwatazama watu mmojammoja, akaona Bibi Shige hayupo. Tarumbeta kwa kiziwi ni kazi bure, na yeye ndiye aliyelikumbuka hilo. Mama alimshika mkono wa kulia, kwa nguvu zake zote. Akamwambia, "Niachie, narudi sasa hivi." Akashuka. Wimbi la pili ndilo lililokuwa kubwa.

Bibi Shige hakuwemo nyumbani. Usiku huo alilala kwa mkwewe juu kilimani. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana anakuja kila asubuhi kukaa na Mama.

Tulimpata siku ya tisa, chini ya paa la ghala la mwani. Nilimtambua kwa mshono wa suruali, niliushona mimi. Tukamchoma tarehe tatu Juni, na usiku huohuo nikachukua bahasha nikaandika jina lako kwa wino uliotiwa maji, nikae chini nikueleze. Asubuhi yake ikaja barua ya daktari wako: mgonjwa asipewe habari yoyote ya kumshtua mpaka apasuliwe, la sivyo hatuwezi kusema atafika mezani. Bahasha ilikuwa moja tu, Isao. Nikaandika barua nyingine nikaitia ndani ya bahasha ileile. Uamuzi ni wangu. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi.

Nakwambia leo kwa sababu Desemba imefika na nyumba yenye msiba haitumi kadi za mwaka mpya. Siku ya kwanza ya Januari kila mtu wodini kwako angepata kadi ya hongera kutoka kwao isipokuwa wewe, ungeelewa palepale mbele za watu. Na kuandika "hongera kwa mwaka mpya" na jina la Baba chini yake, hilo limenishinda. Nilijaribu. Mkono ulikataa.

Piga kelele, tukana, lakini nijibu.

Tazuko


Komorihama
28 Desemba 1960

Isao,

Siku kumi na saba. Nimemwandikia nesi, amejibu kwamba huna homa, unakula, huongei.

Theluji imeanguka. Mama hajaniuliza kitu, ila kila akisikia baiskeli ya mtu wa posta anaacha anachofanya.

Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Tazuko


Hospitali
10 Januari 1961

Tazuko,

Umetaka tusi, sina. Nimelitafuta siku thelathini sijalipata la kukutosha.

Unajua ulichofanya? Umenifanya nimtanie maiti. Siku ya arobaini na tisa, mlipokuwa mnamwombea njia, mimi nilikuwa nacheza karata. Obon yake ya kwanza, siku aliyorudi nyumbani kwa mara ya kwanza kama marehemu, nilimwandikia akapulize tarumbeta amwite Babu! Na wewe ulisoma ile barua. Ukaandika "ameipata". Ulijisikiaje mkono ulipoandika hivyo? Huo haukukataa?

Niliiona bahasha. Macho yangu yaliniambia ukweli, wewe ukayaambia macho yangu kwamba ni maji ya chumvi. Nusu mwaka nimecheka na wodi nzima, kumbe wodi nzima pengine ilijua. Jana nilimuuliza mzee Nagakubo. Akasema, "Wino ule, kijana, hautoki kwenye tope." Alijua tangu Juni. Nyote mlijua. Mjinga ni mimi, mtoto wake wa kiume, ambaye hakutia hata ubani.

Na ile herufi, aliandika nani? Wewe? Nilikwenda nayo kisuni nikijua ni mkono wa baba yangu. Ilikuwa karatasi ya uongo kwenye soksi.

Mama hawezi kufanya jambo kama hili, ni kazi yako, ulikuwa hivyo tangu utotoni, unaamua kwa niaba ya kila mtu. Machi nikitoka sitakuja huko. Kuna mtu ananitafutia kazi ya uandishi kwenye kiwanda cha karatasi hapa Tokyo. Nije kufanya nini? Msiba umekwisha, mmeula wenyewe, hamkunibakizia hata makombo.

Usiniandikie tena.

Usuzawa Isao


Komorihama
25 Januari 1961

Isao,

Ni mama yako. Naandika mwenyewe. Tazuko hajui. Amekwenda mjini kushona sare za shule. Nimeiona barua yako chini ya godoro lake. Niliyoweza kusoma nimesoma. Amelia siku nne anasema ni moshi wa jiko.

Mimi sikusoma shule kama nyinyi. Nilitolewa darasa la tatu nikalee watoto wa watu. Herufi nyepesi nazijua, zile ngumu za neno zima zinanishinda. Kwa hiyo nitasema kwa ufupi.

Dada yako alitaka kukuambia. Bahasha alikwisha kuiandika. Barua ya daktari ilipokuja alinisomea, kisha akasema, Mama, lazima ajue, ni baba yake. Mimi nikamshika mkono. Nikamwambia, ukimwambia na mimi nitaingia baharini. Nilisema hivyo. Mtoto wa watu angefanya nini?

Nilikuwa nimemshika baba yako mkono akaniponyoka. Wewe sikutaka uniponyoke. Nimechoma mmoja, wa pili sikuwa na nguvu ya kumchoma. Basi kama ni uongo, ni uongo wangu. Tazuko aliubeba maana alijua ukimchukia yeye utakuwa bado na mama. Mjinga yule. Mkubwa mzima.

Herufi niliandika mimi. Ulimwomba baba yako atumie mkono wa kushoto. Mimi nilitumia wa kulia. Ndivyo wa kulia wangu unavyoandika. Mstari wa pili ulipinda kwa sababu nilikuwa nalia, Tazuko akanishika kiwiko. Si karatasi ya uongo. Nguvu niliyokutakia ilikuwa ya kweli.

Sasa la mwisho. Unasema ulimwandikia maiti. Ulimwandikia baba yako. Barua zako zote nilimsomea. Jina lake la marehemu, alilopewa hekaluni, liko kwenye kibao, kibao kiko juu ya sanduku la machungwa, nawasha ubani, nakaa, nasoma kwa sauti. Ile ya tofu ya saa kumi. Ile ya kuogopa. Ile ya Obon nilimsomea jioni hiyohiyo iliyofika. Nikamwambia, umesikia Kumazo, mwanao anakutuma ukampokee baba yako, maana wewe sasa mwenyeji wa huko. Nilicheka Isao. Tangu Mei nilikuwa sijacheka. Tazuko alidhani nimepatwa na kitu akaja mbio.

Ila soma yangu ni mbovu. Nikifika penye herufi ngumu nasema, hapa kuna kitu, nasonga mbele. Baba yako kazoea, hata alipokuwa hai tulipatana hivyo. Lakini naona amekosa mengi. Ile barua ya kuogopa ina zile hapa-kuna-kitu kumi na nne. Nimehesabu.

Mimi sijui ulisema nini hapo. Na yeye hajui.

Kuna baridi. Funga kifua.

Mama


Hospitali
20 Februari 1961

Baba,

Barua hii nimeiandika kwa herufi nyepesi tupu. Mama hana pa kuruka. Nimeifuta na kuiandika upya mara tano. Kuandika vyepesi ni kazi kuliko nilivyojua.

Baba, umekufa. Nimelisema mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mzee Nagakubo alinitafutia ubani, tukauwasha dirishani, nesi akajifanya hasikii harufu. Nimelia, Baba. Kovu linauma nikilia, kwa hiyo nalia kidogokidogo, kila siku.

Pale Mama aliporuka, mahali kumi na nne, ni maneno ya mbavu, pafu na upasuaji. Hukukosa kitu. Neno kubwa lilikuwa "naogopa", na hilo Mama analijua kusoma.

Nilimtukana Dada. Nilimwambia msiba mmeula wenyewe. Sasa naona yeye hakuula. Nusu mwaka alikuwa ananisimulia habari zako kama mtu aliye hai, huku usiku analala karibu na kibao chako. Atakuwa amelia lini? Hana siku hata moja aliyolia bila kusingizia moshi.

Mama, hapa usimsomee Baba, haya ni yako wewe. Sijakasirika. Nilikasirika, imekwisha. Wa kiwanda cha karatasi nimewaandikia kuwakatalia.

Baba, natoka tarehe kumi na nane Machi. Treni inafika saa tisa alasiri. Mwambie Dada aje kituoni. Siwezi kubeba mzigo, na sitaki mtu mwingine anipokee.

Isao